Mende wamekwisha, na kamba wangu pia

Niseme ukweli kwanza: mende wa jikoni wamekwisha. Tangu kampuni moja ya kupulizia dawa ije hapa kwangu Mazizini sijaona hata mmoja. Kwa hilo sina neno nao.

Lakini yule kijana wao!

Ukumbini nina tangi la maji ya bahari, lina matumbawe, samaki wawili na kamba mwekundu mwenye sharubu nyeupe, yule anayewapanda samaki mwilini akiwatoa vidudu. Kabla hatujatoka nilizima pampu ya hewa, nikalifunika tangi kwa nailoni na shuka bichi juu yake, nikamwambia: hapa usiguse. Kopo lenyewe la dawa limeandikwa sipamethrini. Kamba na mende ukoo wao mmoja, kinachomuua huyu kinamuua yule, na kwenye maji hata chembe inatosha. Akaitikia, "Sawa, sheikh."

Tunarudi, shuka limekunjwa vizuri juu ya kiti. Pampu inanguruma, inavuta hewa ile ile ya dawa na kuisukuma majini. Ati nyuma ya tangi kulikuwa na mende, na pampu kaiwasha "samaki wapate pumzi". Kamba yu chali, miguu inamchezacheza. Samaki wanajipigiza kwenye vioo.

Nikafungua madirisha, nikachomoa pampu, samaki nikawatia ndooni kwenye maji safi ya bahari (huwa naweka madumu ya akiba, nayateka maji yakijaa). Maji ya tangi nikamwaga nusu, nikatia mengine pamoja na mfuko wa kaboni ya kunyonya sumu, na siku zilizofuata nikarudia. Samaki wamepona. Matumbawe yalijikunja kwa muda, sasa yanafunguka kidogo kidogo. Kamba, basi tena.

Nikampigia mkubwa wao. Anacheka! "Sheikh, kamba si tele sokoni Darajani?" Wallahi nilikata simu nisije nikatukana. Hata pole hakusema. Pole nayo inauzwa?

Nilikaa kuandika kwamba msiwaite kabisa. Juzi wameleta ujumbe, duru ya pili nusu bei, na mke wangu, anayewaogopa mende kuliko nyoka, anasema waje. Haya, waje. Ila yule kijana abaki nje na gari, na huyo mkubwa aje mwenyewe alishike shuka mpaka kazi iishe.