Giaboksi ya Hilux ya mtumba: nimeifunga, nimeishusha, na majibu ninayo

Karibuni tena gereji ya nyumbani, jamani. Hii iliyo juu ya meza ndiyo giaboksi ya gia tano niliyoinunua Ilala kwa laki nane, ya ile Hilux ya injini iitwayo 3L (hilo ni jina tu), dizeli ya lita 2.8, tunayoifufua hapa uani. Wengi mmeuliza kama inafaa. Nitawajibu, ila kwanza muone ilivyonisumbua wikiendi mbili nzima.

Kwa nje ilikuwa safi. Haina ufa. Shafti ya mbele ilicheza kidogo nikiitikisa, na hilo lisikutishe: ncha yake hushikwa na beringi ndogo iliyo mkiani mwa krenkishafti, kwa hiyo ikiwa chini peke yake lazima icheze. Gia zote ziliingia kwa mkono. Nikaifunga.

Kufika barabarani, natoka namba tatu kurudi mbili: krrrr! Nikirudia, vilevile.

Ndugu zangu, hapa ndipo hela zinapopotea. Mtu anashusha giaboksi kumbe mbaya ni klachi. Fanya hivi: gari limesimama, injini inawaka, kanyaga klachi mpaka chini, hesabu sekunde tano, weka rivasi. Kwenye giaboksi nyingi za zamani rivasi haina sinkro, yaani kile kifaa kinachosawazisha mizunguko ili gia iingie bila kukwaruza, kwa hiyo ikikwaruza hata baada ya kusubiri, klachi haiachii. Toa hewa kwenye laini yake, kagua silinda zake za juu na chini, giaboksi iache kwanza. Yangu iliingia kimya.

Halafu sikiliza. Mlio ukiwepo gia ikiwa fri, ukakata ukikanyaga klachi, hizo ni beringi za ndani. Ukianza pale unapokanyaga, ni rilizi beringi, ile inayosukuma klachi iachie. Ukiwa unasikika gia nyingine zote ila namba nne imetulia, shuku beringi za shafti ya chini, maana kwenye namba nne nguvu inapita moja kwa moja bila kuzungukia kule. Kwangu hakukuwa na mlio wowote. Ni mkwaruzo wa namba mbili tu.

Basi nikaishusha, nikamwaga oili. Ngoja nisogeze kamera. Mnaliona hili bakuli jeupe? Napitisha sumaku kwa chini... huu weusi laini unaifuata, ni chuma, na kwa kiasi hiki ni kawaida. Vingekuwa vipande vya meno ningehuzunika. Lakini tazama huu unga wa rangi ya dhahabu: umebaki palepale. Sumaku haiushiki. Hiyo ni shaba ya pete ya sinkro.

Pete yenyewe hii hapa. Naikandamiza kwenye koni ya gia namba mbili, naizungusha, inateleza tu. Ilitakiwa ing'ang'anie. Naingiza fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, kati ya pete na meno ya gia: 0.4 mm. Hii mpya inasoma 1.4. Mimi ikishuka chini ya 0.8 siirudishi ndani, hata iwe inang'aa vipi.

Nimebadilisha pete hiyo na sili zote mbili, na oili nimeweka 75W-90 (huo ni uzito wake) ya daraja la GL-4. Tafadhali sana, msimimine GL-5 ya difu, ile ya gia za ekseli ya nyuma, humu. Utelezi wake unainyima pete nafasi ya kushika koni, na baadhi ya kemikali zake zinaweza kuila shaba.

Sasa, inafaa? Beringi nzima, meno mazima, kwa hiyo ndiyo, inafaa, lakini si kwa laki nane. Ningejua ningeomba kizibo kifunguliwe palepale dukani, nichovye kidole, niitazame oili juani. Ungeonekana huo unga, ningeanzia laki sita.

Haya, tuko barabarani. Tatu... klachi... mbili. Mmesikia? Narudia, dirisha limefungwa. Tatu, mbili. Kimya kabisa.