Msitu wa Karura Wakati wa Kiangazi: Tathmini ya Wastaafu Wawili Wasiotembea Mwendo Mmoja

Kiangazi cha Nairobi, kinachoanza Januari na kuendelea hadi mvua za masika zinapobisha hodi mwezi Machi, humwachia mstaafu saa chache tu za kutumia nje kwa raha. Jiji limeketi kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, kwa hiyo asubuhi huwa na ubaridi mwepesi, lakini kufikia saa sita mchana jua huwa limekwisha kumfukuza mtu barazani. Katika mtaa wetu mdogo ulio kando ya Barabara ya Kiambu, ambako nyumba nyingi sasa zimebaki na wazee wawili wawili baada ya watoto kwenda kujitegemea, asubuhi hizo huishia kanisani, kwenye kikao cha chama, au katika Msitu wa Karura. Mimi na mume wangu tumeutumia msitu huu tangu tulipoacha kazi, na ninautathmini hapa kwa macho ya watu wa umri wetu, kwa sababu maoni mengi yanayopatikana yameandikwa na vijana wakimbiaji na waendesha baiskeli.

Sifa yake kubwa kwetu ni wingi wa njia. Msitu una takriban hekta 1,041, Barabara za Limuru na Kiambu zikiukata vipande, na njia zake za miguu na baiskeli zikiunganishwa hupita kilomita 50. Mume wangu hadi leo hutembea kama mtu anayewahi gari moshi, ilhali goti langu la kulia lilikwisha kuchoka kabla pensheni haijaanza kuingia. Tukitembea mtaani, ama yeye ajizuie hadi akasirike, ama mimi nirudi nyumbani nikichechemea. Karura, njia panda zimewekewa namba, kwa hiyo tunakubaliana namba ya kukutania, yeye anashika mzunguko mrefu unaofuata mto, nami nafuata njia fupi ya kivulini kwa wakati wangu, kisha tunaonana tukiwa na mambo ya kusimuliana. Bustani ya miti ya Arboretum, iliyoanzishwa mwaka 1907 karibu na Ikulu, ni nzuri na tulivu, na kwa mgonjwa wa miguu pengine ndiyo inayofaa zaidi. Lakini ni ya hekta 30 hivi, na mume wangu huimaliza kabla sijafungua chupa ya chai.

Mpango huo wa kuachana njiani usingewezekana zamani. Wakazi wa umri wetu wanakumbuka wakati ambapo mwanamke mwenye akili timamu hakuingia Karura peke yake, na wanakumbuka pia jinsi sehemu za msitu zilivyogawiwa watu binafsi ili wajenge nyumba, hadi Profesa Wangari Maathai na wenzake walipopinga hadharani na kushambuliwa tarehe 8 Januari 1999 walipokwenda kupanda mti. Ulinzi tunaoufaidi leo ulikuja baadaye, Huduma ya Misitu iliposhirikiana na chama cha jamii cha Marafiki wa Karura kilichoundwa mwaka 2009, uzio wa umeme ukajengwa na walinzi wakawekwa. Ninapokaa peke yangu nikimsubiri mume wangu, nikiwa na mkoba wangu na simu mkononi bila wasiwasi, najua utulivu huo umetoka wapi.

Maporomoko ya maji ndiyo kivutio ambacho kila mgeni huulizia, na ndiyo yanayohitaji tahadhari. Kuteremka hadi mtoni si kazi. Kazi ni kupanda tena, na mwenye goti bovu atajuta katikati ya ngazi. Mimi huwaachia wajukuu na babu yao. Mapango yaliyotumiwa na wapiganaji wa Mau Mau miaka ya 1950 yako upande huohuo, nayo yanastahili juhudi hiyo zaidi kuliko maporomoko, hasa ukienda na mzee wa mtaa anayeweza kuwaeleza watoto mambo ambayo kibao hakiwezi kuyasema. Wanyama utawaona bila kuwatafuta: kima wako kila mahali, na mbega, ambao walianza kurejeshwa humo mwaka 2014, huonekana juu ya miti asubuhi kabla watu hawajawa wengi.

Kuhusu siku ya kwenda, msimamo wangu ni thabiti: kati ya Jumatatu na Ijumaa, mapema. Mwisho wa wiki familia hujaa, baiskeli hupita kwa kasi, na mtu asiyesikia vizuri hushtuka kila dakika. Malipo ya langoni hufanywa kwa simu, basi hakikisha una salio la kutosha kabla ya kutoka nyumbani. Vyombo vya plastiki vya kutumiwa mara moja vimepigwa marufuku katika maeneo yote yaliyohifadhiwa nchini tangu Juni 2020. Sisi hubeba maji katika chupa ya chuma, chai ya maziwa, na nduma zilizochemshwa usiku, ambazo jirani zetu wa kundi la kutembea wamekuja kuzitarajia kupita kiasi.

Masika yakianza, kila kitu hubadilika, kwa maana udongo mwekundu wa njia ndogo huteleza vibaya hata kwa mwenye viatu vizuri. Anayetembea na fimbo asubiri jua la siku mbili tatu baada ya mvua, na hata hapo abaki kwenye barabara pana za msitu.