iCivics kwa darasa la nne na la tano: mchezo upi uanze nao, upi uusubirishe

Mwalimu wa shule ya msingi nchini Marekani anayetaka kuzungumza siasa na watoto wa miaka tisa hadi kumi na mmoja hukabiliwa na mambo mawili. Watoto wanakuja na maneno waliyoyasikia nyumbani, na jioni wazazi watauliza wamefundishwa nini. iCivics husaidia zaidi kwa hilo la pili. Ni tovuti ya michezo ya kompyuta na maandalio ya masomo ya uraia, iliyoanzishwa mwaka 2009 na Sandra Day O'Connor, mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Haitozi chochote, haiegemei chama, na mtoto anaweza kucheza kwenye kivinjari bila kufungua akaunti.

Sehemu kubwa ya michezo yake ilitengenezwa kwa wanafunzi wakubwa kuliko hawa, kwa hiyo kuchagua ni kazi ya mwalimu. Kwa madarasa ya chini kuna mfululizo wa Private i History Detectives, ambao watoto huchunguza ushahidi ili kujibu swali moja. Huo ni mzuri kwa historia, lakini anayetafuta siasa zenyewe ataitaka michezo mitatu: Do I Have a Right?, Cast Your Vote na Win the White House. Uichukue kwa mpangilio huohuo. Wengi huanza na wa tatu kwa sababu una kampeni na ramani, na hapo ndipo darasa hugawanyika kabla halijajifunza kusikilizana.

Do I Have a Right? ndio bora kuliko yote. Mchezaji anaendesha ofisi ya mawakili wa masuala ya Katiba. Wateja wanaingia, kila mmoja na lalamiko lake. Kwanza unaamua kama mteja ana haki inayolindwa na Katiba au hana, kisha unamkabidhi kwa wakili anayejua marekebisho husika ya Katiba, yaani kifungu kilichoongezwa kwenye Katiba kinachoihusu haki hiyo. Ukikosea unapoteza sifa ya ofisi, ukipatia unaajiri mawakili zaidi. Kuna toleo fupi linaloishia kwenye marekebisho kumi ya kwanza, na hilo ndilo la kutumia kwa umri huu. Toleo kamili lina mengi mno kwa kipindi kimoja.

Uzuri wake ni kwamba unamlazimisha mtoto kutofautisha uonevu na ukiukaji wa haki. Kwa mtoto wa miaka kumi, kila kinachomuudhi ni haki yake imevunjwa. Marekebisho ya Kwanza yanalinda dini, kusema, vyombo vya habari, kukusanyika na kupeleka malalamiko serikalini, lakini yanaibana serikali. Hayambani kaka yake wala mwenye duka. Mchezo hauelezi hilo kwa kina, kwa hiyo liandike ubaoni kabla ya kuanza, kwa maswali matatu: nani amefanya, ni serikali au mtu binafsi, na ni marekebisho ya ngapi.

Kwa watoto 24 tumia kompyuta 12, wawili wawili. Mmoja anashika kipanya, mwenzake ndiye anayeamua, na uamuzi ausema kwa sauti pamoja na sababu. Wabadilishane kila baada ya wateja watatu. Cheza dakika 12, simamisha dakika 8, kisha rudi dakika 12. Ule mkatizo wa katikati usiuruke, maana mazungumzo yote yako pale. Skrini zifunikwe kabisa, kwani mtoto anayeona mteja amesimama mlangoni akingoja hawezi kumsikiliza mtu mwingine. Uliza jozi mbili zilizoamua tofauti kuhusu mteja mmoja, na kila jozi ieleze kwanza sababu ya wenzao ndipo itoe yake.

Kinachoharibika mara nyingi ni kasi. Watoto hugundua kwamba neno moja katika lalamiko linatosha kubahatisha wakili, wanaacha kusoma na alama zinapanda bila kujifunza chochote. Dawa ni karatasi ndogo: kwa kila mteja waliyemkatalia waandike sentensi moja ya sababu. Kukataa ndiko kunakohitaji fikra. Mchezo una sauti ya kusoma maandishi na tafsiri ya Kihispania, msaada mkubwa kwa wanaosoma polepole, lakini kompyuta 12 zikisema kwa pamoja hakuna atakayesikia kitu. Hedifoni, au sauti iwe kwa jozi zinazoihitaji tu.

Baada ya mchezo, peleka mazungumzo kwenye kesi za kweli za watoto. Mbili zinatosha. Mwaka 1943, katika kesi ya Barnette, Mahakama ya Juu iliamua kwamba shule za West Virginia haziwezi kumlazimisha mwanafunzi kuisalimu bendera. Familia zilizoshtaki zilikuwa za Mashahidi wa Yehova. Mwaka 1969, katika kesi ya Tinker, iliwapa haki wanafunzi wa Des Moines waliovaa vitambaa vyeusi mkononi kupinga vita ya Vietnam. Wadogo wa familia ya Tinker, mmoja wa darasa la pili na mwingine wa darasa la tano, nao walivaa. Darasa la nne likisikia hivyo hukaa kimya kidogo, halafu maswali yanamiminika, na yanakuwa maswali mazuri kuliko yale ya mchezo.

Cast Your Vote ni mfupi na mtulivu. Wagombea wa kubuni wanajibu maswali kwenye mdahalo, mchezaji anaandika anachokubaliana nacho na asichokubaliana nacho, kisha anapiga kura. Unafaa kwa kufundisha kwamba mpiga kura huanza na mambo anayoyajali, ndipo atafute mtu. Kasoro yake ni kwamba majibu ya wagombea yana maneno mengi. Ucheze kwenye skrini moja mbele ya darasa zima, mwalimu akisoma, na kura ya mwisho ipigwe kwa karatasi zilizokunjwa. Ukiomba mikono inyooshwe, nusu ya darasa itageuka kwanza kumtazama mwenye sauti kubwa.

Win the White House ni mzuri na una hatari zake. Mtoto anachagua chama na hoja zake, anapita mdahalo wa mchujo, anateua mgombea mwenza, kisha anazunguka ramani akichangisha fedha, akiangalia kura za maoni na kununua matangazo. Hesabu zinafundishwa vizuri bila mtoto kujua: kura za wajumbe wa majimbo, ambazo ndizo humchagua rais, ni 538, ushindi ni 270, na California peke yake ilikuwa na 54 mwaka 2024. Hapo ndipo pa kueleza kwa nini mwaka 2000 na 2016 mshindi alikuwa na kura chache za wananchi kuliko mpinzani wake.

Hatari ya kwanza ni chama. Akipewa uhuru, mtoto huchagua cha nyumbani na kukishangilia kama timu. Gawa vyama kwa kura ya bahati, na mzunguko wa pili kila jozi ichukue kile cha pili. Ya pili ni fedha: mchezo unamtuza anayezunguka haraka na kutumia vizuri, hivyo watoto wanaweza kuondoka wakiamini kwamba hoja ni pambo. Waulize wangefanya nini kama wasingekuwa na fedha hata kidogo. Na usiuchezeshe wiki ya uchaguzi wenyewe. Mwezi mmoja kabla ni salama zaidi, kwa sababu wakati huo watoto bado wanaweza kucheka wakishindwa.

Kuna swali ambalo iCivics haimwandai mwalimu vya kutosha kulijibu, nalo huja kila mara: “Mwalimu, wewe unampigia nani?” Si swali dogo. Mwaka 2007 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa saba, ambayo ni mahakama ya shirikisho ya eneo lenye Indiana, iliamua kwamba anachosema mwalimu wa umma darasani akiwa kazini hakilindwi na Marekebisho ya Kwanza. Kesi ilianzia darasa la shule ya msingi huko Indiana, ambapo mwalimu alijibu swali la mtoto kuhusu maandamano ya kupinga vita. Jibu linalofaa ni fupi na lilelile siku zote: kura yangu ni siri kama yako itakavyokuwa, sasa niambie watu wa kila upande wanatoa sababu gani. Lisemwe bila tabasamu la kuashiria, maana watoto wa umri huu husoma uso kabla ya maneno.

Kabla ya siku yenyewe, fungua kila mchezo kwenye kompyuta ileile ya mwanafunzi, ukiingia kwa akaunti ya shule ya mwanafunzi. Mitandao ya shule huzuia tovuti za michezo bila kubagua, na kompyuta ya mwalimu haitakuonyesha hilo. Akaunti ya mwalimu kwenye iCivics inakupa msimbo wa darasa na kukuonyesha kazi za wanafunzi. Chapa pia maandalio ya somo ya karatasi: intaneti ikigoma, maswali matatu ya ubaoni na malalamiko sita yaliyoandikwa kwenye vikaratasi yatakupitisha kipindi kizima.