Vihisi joto na skrini za ziada kwa kompyuta uliyojiundia: uanze kununua kipi?

Kompyuta yangu ilikuwa inafika nyuzi 88 kwenye prosesa kila nilipochakata video ndefu. Nilifuta pesti ya joto nikapaka upya, mara mbili. Nikanunua kipozeo kikubwa zaidi, nikapata nafuu ya nyuzi tatu. Mwisho nikabandika kihisi kidogo cha waya mbele ya kipozeo hicho, pale feni inapovutia hewa, nikakuta hewa yenyewe inaingia ikiwa tayari na nyuzi 47. Ilikuwa pumzi ya kadi ya grafiki iliyo chini yake. Nilihamisha feni moja kutoka juu ya kasha nikaiweka mbele, na usumbufu wa miezi ukaisha jioni moja.

Vihisi vilivyomo ndani ya prosesa na kadi vinakuambia kitu kimepata moto kiasi gani. Havikuambii moto huo umetoka wapi. Pengo hilo ndilo linalozibwa na vihisi vya ziada, na ndiyo sababu naviona vina thamani kuliko vipambo vingi tunavyovipachika kwenye kompyuta zetu.

Nimepanga orodha hii kwa swali moja: je, namba utakayoipata itaweza kuiamuru feni? Kihisi kinachosomwa na kitu chenye uwezo wa kuongeza mzunguko wa feni kinafanya kazi hata ukiwa usingizini. Skrini, hata iwe nzuri vipi, inangoja macho yako. Kwa hiyo waya mdogo usiopendeza umekaa juu, na skrini zimekaa chini yake.

Kabla hujatoa hata senti

Pakua HWiNFO au LibreHardwareMonitor, programu za kusoma vihisi, zote za bure, uone ulicho nacho tayari. Watu wengi hushangaa. Utakuta joto la prosesa, la kadi ya grafiki pamoja na sehemu yake yenye moto zaidi, la SSD, na mara nyingi la saketi za umeme zinazolisha prosesa. HWiNFO inaweza kuandika namba zote kwenye faili la CSV (jedwali linalofunguka kwenye Excel) sekunde kwa sekunde. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Na joto nalo lina daftari lake. Acha mchezo au kazi nzito ikimbie nusu saa, kisha fungua faili.

Usiogope namba kubwa kwa ukubwa wake tu. Prosesa nyingi za AMD Ryzen 7000 zimeundwa kuweza kufanya kazi hadi nyuzi 95, na nyingi za Intel hadi 100. Kinachostahili kukushtua ni kasi ya prosesa kushuka, au namba iliyopanda kuliko ilivyokuwa mwezi uliopita kwa kazi ileile.

Tahadhari mbili. Programu nyingi za aina hii zilikuwa zikitumia kiendeshi (kiprogramu cha kuwasiliana na vifaa vya kompyuta) kiitwacho WinRing0, ambacho kina udhaifu wa kiusalama. Mwaka 2025 Microsoft Defender ilianza kukikamata. Ukiona onyo hilo usilizime, chukua toleo jipya la programu. Pili, usiache programu mbili ziendeshe feni zilezile kwa wakati mmoja, kwa sababu zitapokonyana usukani na utabaki hujui ipi imetoa amri.

Nafasi ya kwanza: waya wa themista kwenye ubao mama

Angalia kitabu cha ubao wako. Mbao nyingi za daraja la kati na la juu zina pini mbili zisizotumika: kwa ASUS zimeandikwa T_SENSOR, kwa Gigabyte EC_TEMP. Hapo unachomeka waya mwembamba wenye themista (kipingamizi kidogo kinachohisi joto) ya kilo-omu 10 kwenye ncha, na kihisi kinajitokeza kwenye BIOS, yaani mipangilio ya ubao wenyewe. Hakuna chanya wala hasi, hivyo huwezi kuuchomeka kinyume. Mbao nyingi zenye pini hizi hukuruhusu, humohumo ndani ya BIOS, kuchagua kihisi hicho kiwe ndicho kinachoongoza feni za kasha. Huhitaji programu yoyote kukimbia nyuma. Kwa bei, hiki ndicho kitu rahisi kuliko vyote katika ukurasa huu, na ndicho kilichonitatulia tatizo langu.

Sasa sikiliza sehemu ambayo matangazo hayaisemi. Themista hupunguza ukinzani wake kadiri joto linavyopanda, na mwinuko wa upungufu huo hutajwa kwa namba iitwayo beta. Zilizoenea ni 3435 na 3950. Zote mbili zina kilo-omu 10 kwenye nyuzi 25, kwa hiyo kompyuta ikiwa baridi hutaona tofauti yoyote. Tatizo huja juu. Ubao unaotarajia 3435 ukiupa waya wa 3950, nyuzi 40 za kweli zitasomeka kama 42 na kidogo, na nyuzi 60 zitasomeka 66. Kwa hewa ya ndani ya kasha kosa hilo linavumilika. Kwa saketi za umeme au mgongo wa kadi ya grafiki, linapotosha. Nunua waya ambao muuzaji ameandika beta yake, na ulinganishe na inayotajwa na mtengenezaji wa ubao. Asiyeiandika, mpite.

Ukiona namba ya kichaa, kama -40 au 127, usidhani kompyuta inaungua. Kwa kawaida ni waya uliokatika, uliogusana, au haukuingia vizuri kwenye pini.

Kupima usahihi hakuhitaji maabara. Jaza bilauri barafu iliyopondwa, ongeza maji kidogo, koroga, funga ncha ya kihisi ndani ya plastiki isiyopitisha maji, kisha izamishe: isome sifuri au karibu yake. Ukiwa na vihisi vitatu au vinne, vifunge pamoja kama kifurushi na uviache nusu saa mezani, mbali na feni. Visipokubaliana, andika tofauti ya kila kimoja uwe unaitoa kichwani. Mimi huona makubaliano kati ya vihisi kuwa muhimu kuliko usahihi wa kimoja, kwa kuwa ndani ya kasha tunatafuta tofauti: hewa iliyoingia dhidi ya hewa iliyotoka.

Nafasi ya pili: kidhibiti feni chenye milango ya vihisi

Ubao wako ukikosa zile pini, au ukitaka kupima sehemu nne kwa mpigo, nunua kidhibiti. Quadro ya Aquacomputer ina sehemu nne za kuchomeka feni, milango minne ya vihisi joto na mmoja wa kupima mtiririko wa maji. Ndugu yake Octo ina feni nane na vihisi vinne. Commander Pro ya Corsair ilikuwa na feni sita na milango minne, na vihisi vyake vinne vilikuja ndani ya boksi.

Ninaiweka Quadro mbele kwa sababu moja: ukishaandika kanuni zako, huhifadhiwa ndani ya kifaa chenyewe. Windows ikikwama, feni zinaendelea kufuata vihisi vilivyochomekwa humo. Kidhibiti kinachotegemea programu iliyo wazi kwenye kompyuta hukuacha mikono mitupu wakati ule ambao ungekihitaji zaidi. Kabla ya kununua cha aina nyingine yoyote, uliza swali hilo kwanza: programu ikifungwa, feni zinafanya nini? Watumiaji wa Linux nao wana habari njema, maana viendeshi vya Quadro, Octo na Commander Pro vimo ndani ya kerneli, kiini cha mfumo wenyewe.

Hesabu pini za USB 2.0 zilizo kwenye ubao kabla hujaagiza. Mara nyingi ni soketi moja au mbili za pini tisa, na kasha na pampu navyo vinaweza kuzihitaji. Ukiishiwa, utanunua kigawanyo, na hiyo ni gharama ambayo watu husahau kuijumlisha.

Kwa wanaopoza kwa maji: kihisi cha maji si hiari

Hapa naruka utaratibu wa nafasi. Kama kompyuta yako ina mzunguko wa maji uliouunganisha mwenyewe, kihisi cha maji kinatangulia vyote, hata ule waya wa kwanza. Joto la prosesa hurukaruka. Kufungua programu moja tu kunatosha kulipandisha nyuzi 20 kwa sekunde moja, na feni zinazolifuata hupiga kelele bure. Joto la maji hupanda polepole. Lita moja ikipokea wati 400 bila kupozwa huchukua sekunde kama kumi kupanda nyuzi moja. Ukifungia feni za radiata kwenye joto la maji, zinapanda taratibu na kushuka taratibu, na chumba kinatulia.

Tafuta chenye uzi wa skrubu wa saizi ya G1/4, kwa sababu ndio unaoingia kwenye radiata, tangi na bloku nyingi (vipande vinavyokaa juu ya prosesa au kadi na kupitisha maji). Kimoja kinatosha. Wauzaji watakushawishi uchukue viwili, cha kabla na cha baada ya radiata. Lakini kwa wati 400 na mtiririko wa lita tatu kwa dakika, tofauti katika mzunguko mzima ni kama nyuzi mbili tu. Fedha ya kihisi cha pili iweke kwenye kihisi cha hewa ya chumba, kisha ufuatilie tofauti ya maji na chumba. Mimi hupenda ikae kati ya 10 na 15 kazi ikiwa nzito. Watengenezaji wengi wa pampu na mirija huweka kikomo cha maji kwenye nyuzi 60, basi weka kengele chini sana ya hapo. Yangu hulia kwenye 45.

Skrini: anza na simu ya zamani

Kabla ya skrini yoyote ya kununua, tafuta simu au tableti uliyoiweka kabatini. LibreHardwareMonitor ina seva ndogo ya wavuti ndani yake. Unaiwasha, kisha unafungua anwani ya kompyuta yako ikifuatwa na :8085 kwenye kivinjari cha simu hiyo. AIDA64, programu ya kulipia, ina kitu kama hicho kiitwacho RemoteSensor, na unaweza kukipamba upendavyo. Ukiishi nayo mwezi mzima ukagundua huitazami, umeokoa fedha.

Ukiitazama kila siku, nafasi ya tatu kwangu ni skrini ndogo ya USB ya inchi 3.5, ile ya pikseli 480 kwa 320. Huchomekwa kwenye USB tu, hivyo waya wake haulazimiki kutoka nje ya kasha. Kompyuta haiioni kama monita, kwa hiyo programu ni lazima iichoree kila kitu. Programu inayokuja nayo mara nyingi hutoka kwenye kiungo ambacho hujui ni cha nani, na mimi siisakinishi. Ipo mbadala ya msimbo huria, turing-smart-screen-python, inayofanya kazi na nyingi kati yake. Hakikisha modeli yako imo kwenye orodha ya mradi huo kabla hujalipa.

Skrini ndefu ya inchi 8.8 ya HDMI, pikseli 1920 kwa 480, inapendeza kuliko zote na inasomeka kutoka mbali. Nimeiweka ya nne kwa sababu ya usumbufu. Windows huiona kama monita ya pili: kipanya hupotelea humo, madirisha hufungukia humo. Waya wa HDMI nao lazima utoke nje ya kasha, uzunguke nyuma hadi kwenye kadi ya grafiki, na uchukue tundu moja la picha. Kama hayo hayakusumbui, inunue kwa moyo mweupe.

Vilivyobaki

DS18B20 pamoja na kidhibiti kidogo cha Arduino ni nafasi ya tano kwa wengi, na ya kwanza kwa anayependa kushika chuma cha kulehemu. Ni kihisi cha kidijitali chenye kosa lisilozidi nusu nyuzi kati ya -10 na 85, na kila kimoja kina namba yake ya biti 64, hivyo unaweza kuviweka kumi kwenye waya mmoja wenye kipingamizi cha kilo-omu 4.7. Bandia zimejaa sokoni, kwa hiyo jaribio la barafu hapa ni la lazima. Kuzifanya feni zitii ni kazi ya kuandika programu mwenyewe.

Vipimajoto vidogo vyenye namba za LED na waya wake, vinavyokula umeme wa pawasaplai, ni vya sita. Haviweki kumbukumbu wala haviamuru chochote. Vina sifa moja ya kweli: vinaonyesha namba hata kompyuta ikiwa imeganda. Paneli za kujaza nafasi ya inchi 5.25 ni za mwisho kabisa, maana makasha mengi ya sasa hayana nafasi hiyo.

Kipimajoto cha miale ya infraredi usikinunue kwa kazi hii. Alumini inayong'aa huakisi joto la vitu vingine, na utasoma namba isiyo ya kipozeo.

Waya wako wa kwanza ukifika, ubandike kwa tepu ya Kapton inayostahimili joto, ncha ikiwa hewani na isiguse chuma, umbali wa kidole kutoka kwenye mapezi ya kipozeo cha prosesa, upande hewa inapoingia. Funga waya mbali na mapanga ya feni. Washa kazi nzito kwa dakika ishirini na ulinganishe na joto la chumba. Tofauti ikizidi nyuzi 15, sogeza feni kabla hujanunua kipozeo.