VLC na video zinazoganda: uzoefu wangu kama mpiga video wa harusi

Kazi yangu ni kupiga na kuhariri video za harusi, send-off na kipaimara hapa Morogoro, kwa hiyo kilio cha "video inaganda" nakisikia kila msimu wa sherehe. Programu ya kuchezea video ninayoitegemea ni VLC, ile yenye alama ya koni ya rangi ya chungwa. Ni ya bure kabisa, haina matangazo wala haikudai ujisajili. Ilianza mwaka 1996 kama mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris huko Ufaransa, na tangu 2001 msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Watu huisifu kwa kuwa inacheza karibu kila faili. Mimi naithamini zaidi kwa sababu inanionyesha tatizo liko wapi: kwenye faili, kwenye kompyuta au kwenye flashi.

Juzi juzi alinipigia mama mmoja, mteja wangu. Alikuwa na kipande alichorushiwa na mdogo wake, kilichopigwa kwa iPhone.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii video mbona inasimama bibi harusi akiingia tu ukumbini?"

"Na sauti inakata?"

"Sauti ipo, vigelegele nasikia. Picha ndiyo imeganda."

Hapo nilishapata pa kuanzia. Picha ikiganda huku sauti inaendelea, mara nyingi faili ni zima ila kompyuta imezidiwa. Vyote viwili vikikata sekunde ile ile kila ukirudia, shuku faili limeharibika. Vikikata leo hapa, kesho pale, angalia flashi au memori kadi: nakili video kwenye diski ya kompyuta, uicheze kutoka huko. Mara nyingi kuganda kunaisha papo hapo.

Alipoleta laptopu yake nilifungua video kwenye VLC nikabonyeza Ctrl na J. Dirisha linalofunguka linataja kodeki, yaani namna video ilivyobanwa, na hapo iliandikwa HEVC, ambayo ndiyo H.265. Kwenye ukurasa wa takwimu wa dirisha hilo hilo, hesabu ya fremu (picha moja moja zinazounda video) zilizopotea ilikuwa ikipanda kila bibi harusi alipopiga hatua. H.265 ilitoka mwaka 2013, na inaweza kuibana video hadi karibu nusu ya ukubwa wa H.264, kodeki iliyoitangulia, bila ubora kushuka sana. Gharama yake ni hesabu nyingi zaidi wakati wa kuicheza. Kompyuta za karibuni zina sehemu maalumu ya kuifungua ndani ya chipu ya picha. Laptopu ya zamani inaibebesha prosesa kazi yote, na prosesa ikizidiwa fremu zinarukwa.

Jambo la kwanza kujaribu liko kwenye Tools, kisha Preferences, kisha Input / Codecs. Kuna mstari wa hardware-accelerated decoding. Kama umezimwa, weka Automatic. Kama umewashwa na video inatoa rangi ya kijani au kiza kitupu, uzime, kwa sababu draiva, yaani programu inayoendesha chipu ya picha, inaweza kuwa ndiyo inayovuruga. Kwa laptopu ya yule mama haikusaidia, maana chipu yake haiijui H.265. Nikaibadilisha video kuwa H.264 kwa HandBrake, nayo ni ya bure, kwa chaguo la Fast 1080p30. Ikacheza laini mwanzo hadi mwisho. VLC yenyewe ina sehemu ya kubadilisha faili, lakini menyu zake zinachanganya na siipendekezi. Hapo ndipo ninapoipunguzia alama. Nikamwambia pia mdogo wake aingie kwenye mipangilio ya kamera ya simu, sehemu ya Formats, achague Most Compatible, ili video zijazo zitoke kwa H.264.

Kubadilisha jina la faili kutoka .mov kwenda .mp4 hakubadilishi chochote ndani yake. Nimeona watu wakishauriana hivyo kwa uhakika kabisa, na inaniumiza kuona mtu anapoteza siku nzima kwa ushauri huo.

Kuna mahali VLC haiwezi kukuokoa. Kamera nyingi zinazorekodi MP4 huandika faharasa ya video, yaani orodha ya wapi kila picha ipo ndani ya faili, mwishoni, unapobonyeza kusimamisha. Betri ikizima ghafla katikati ya kiapo, picha zote zinaweza kuwa zipo ndani ya faili, lakini bila faharasa ile hakuna programu ya kawaida inayojua zianzie wapi. VLC inaweza kutengeneza upya faharasa ya AVI iliyoharibika. Kwa MP4 ya aina hii, hapana. Jaribu programu ya Untrunc: unaipa faili lililovunjika pamoja na faili zima lililopigwa na kamera ile ile kwa mipangilio ile ile, nayo inajaribu kujenga faharasa upya. Si kila mara inafaulu. Kabla hujaigusa, nakili faili lililovunjika pembeni, na usirekodi kitu kingine kwenye kadi ile.

Flashi iliyochomolewa kabla ya kunakili kuisha nayo huacha faili nusu. Linganisha ukubwa wa nakala na ule wa faili la awali, baiti kwa baiti. Zikipishana, nakili upya. Ukarabati wa nini wakati faili la awali unalo?

Ukitaka VLC, ipakue kutoka videolan.org, au kwenye duka la programu la simu yako. Ukifuata matangazo ya "pakiti za kodeki" unaweza kuingiza virusi, na huzihitaji kabisa, kwa sababu VLC inakuja na kodeki zake ndani.