Scrabble ya mitumba kutoka Kibuye: ichezeni kwa Kiswahili, lakini hesabuni herufi kwanza

Jumapili nilikuwa soko la Kibuye hapa Kisumu natafuta viatu, nikaona boksi ya Scrabble, ule mchezo wa kuunda maneno kwa vibao vya herufi, iko juu ya rundo la vitabu vya shule, jamaa akaniitisha 700 tukaelewana 450. Akaniapia herufi zote ziko. Kufika nyumbani Nyalenda nikamwaga kamfuko mezani, zinafaa kuwa 100 pamoja na mbili tupu zinazosimama badala ya herufi yoyote, nikapata 99. H moja haiko, na huwa ziko mbili tu! Tukakata kadibodi ya boksi ya majani chai tukaandika H na biro, lakini anayechota anaijua tu kwa kidole, na hiyo bado inaniuma. Hesabuni hapo hapo kabla mtoe pesa.

Mchezo wenyewe jameni, ni mtamu. Aliyeutunga ni Mmarekani, Alfred Butts, msanifu majengo, miaka ya 1930, na alipitia magazeti ya Kiingereza akihesabu kila herufi inatokea mara ngapi, ndio maana E ziko 12 na K ni moja tu ya pointi 5. Sasa lete Kiswahili hapo. Huwezi andika kuku, huwezi andika kaka, mpaka ushike ile tupu. A ziko 9 na zinaisha mapema sana, C inangoja H, Q na X unakaa nazo tu mpaka mchezo uishe. Tulichofanya ni kubandika karatasi juu ya Q na X tukaziandika K, alafu K zote tukazishusha hadi pointi 2, na hapo mambo yakafunguka kabisa.

Mpwa wangu wa gredi 6 ndiye alikuwa anaanza, akaweka herufi zake zote saba mara moja: ATAPIKA. Hiyo ni pointi 50 za ziada! Kaka yangu akakataa, ati hiyo ni sentensi nzima, mtu, wakati na kitendo, si neno. Dada ya huyo mtoto naye anasema hapana, ni mtu anatapika. Kelele ikajaa nyumba, mpaka dani, yaani nyanya, akaweka kikombe chini akasema, "Mmelitamka kwa pumzi moja na mmeliandika bila kuachanisha, mpeni mtoto pointi zake." Tangu siku hiyo, hiyo ndiyo sheria ya kwetu.

Ukingoja zamu yako tunatafuta maneno yanayosomeka sawa mbele na nyuma. Mpaka sasa tuko na anena, alala na atota, jaribuni muone venye inashika kichwa.

Juzi stima zikapotea katikati ya mchezo tukahamia vitendawili. Dani akashindwa na kimoja, mtoto akasema nipe mji, dani akamjibu, "Nenda Port Florence." Watoto wakabisha hakuna mji kama huo Kenya. Kumbe ni hii hii Kisumu, ndivyo ilivyoitwa reli ilipofika ziwani 1901! Yule mdogo aliuliza maswali mpaka stima zikarudi, na Scrabble ikangoja.

Nyota 4 kwa 5, hiyo moja ni ya ile H. Wiki hii natafuta mbao nyembamba nikate H ya kweli, na A tatu za kuongeza.