Maonyesho ya Emily Kam Kngwarray, Tate Modern, London: uzoefu wangu

Nianze na ushauri: usiingie humu ukitafuta sura ya mtu au mandhari. Kuna nukta, maelfu kwa maelfu, halafu mistari. Rafiki yangu tuliyeenda naye alimaliza chumba cha kwanza akaniuliza kwa sauti ya chini kama ndiyo hayo tu tuliyolipia.

Mimi yalinikamata kwenye batiki. Watu wengi huzipita haraka wakikimbilia turubai kubwa, nadhani wanakosa utamu. Emily, mchoraji na mama wa Kianmatyerr, mojawapo ya jamii za wenyeji wa asili wa Australia, kutoka Utopia, jangwani katikati ya nchi hiyo, alijifunza batiki mwaka 1977 pamoja na wanawake wenzake. Turubai alizianza mwishoni mwa 1988, akiwa ameshavuka miaka 70, na hadi anafariki 1996 alikuwa ameacha michoro inayokadiriwa kufika 3,000. Ukishaona mkono wake ulivyokuwa ukipitisha nta juu ya hariri, zile nukta hazikushangazi tena.

Kilichonigusa zaidi ni habari ya ardhi. Utopia ilikuwa imegeuzwa ranchi ya ng'ombe. Wenyeji walipoidai kisheria mwishoni mwa miaka ya 1970, wanawake walionyesha kuwa ni yao kwa kuimba na kucheza awely, ngoma yao ya kike inayofungamana na nchi ya mababu. Mistari wanayojipaka kifuani na mabegani katika ngoma hiyo ndiyo hiyohiyo iliyo ukutani. Kwa hiyo ninapowasikia watu wakimlinganisha na wachoraji dhahania (wasiochora sura za vitu halisi) wa Ulaya na Marekani, nachoka. Huyu mama alikuwa anataja kwao.

Na kwao ni Alhalker. Mchoro wenye jina hilo, wa 1993, una vipande 22 vya turubai, na hakuacha maagizo ya namna ya kuvipanga. Nilikaa hapo muda mrefu kuliko kwingine kote. Kuna waridi, njano, buluu ya mvua. Ikumbukwe alichora ameketi chini, turubai imelala mchangani, hivyo unachokitazama kimesimama ukutani yeye alikiona kutoka juu, kama ardhi yenyewe.

Michoro ya viazi ndiyo migumu kidogo. Ni viazi vyembamba vya mwituni, mmea wa jamii ya kunde, na jina la Emily la Kam linatokana na mbegu za mmea huo. Mizizi hutambaa chini, udongo juu hupasuka, na nyufa humwonyesha mchimbaji pa kuchimba. Soma hilo kwanza ndipo utazame ile mistari iliyosokotana. Bila hilo utaona fujo tu.

Picha za mistari mitupu za miaka ya mwisho hazikunivuta sana. Rafiki yangu, wa ajabu, ndizo alizozipenda.

Maonyesho yalipangwa kufungwa tarehe 11 Januari 2026. Ukiyakosa, mchoro wa Alhalker makao yake ni National Gallery of Australia, Canberra.